Rhodobacter wanakua vizuri ila hawatoi haidrojeni, shida iko wapi?

chupa_na_mwanga:
Wakuu, habari za muda huu. Nina chupa ya kioo ya lita 1 yenye bakteria Rhodobacter sphaeroides, nataka watoe gesi ya haidrojeni. Midia yangu (maji ya lishe) ina asidi ya maliki milimola 15 kwa lita, amoniamu salfeti gramu 1, fosfeti, magnesi, kalisi, chuma, na vitamini tatu: thiamini, niasini na biotini. pH 6.8, joto 30°C. Nilipitisha gesi ya naitrojeni dakika 15 kufukuza hewa, nikafunga kizibo. Mwanga ni ukanda wa LED nyeupe niliouzungushia chupa. Gesi inatakiwa ipite mrija wa silikoni hadi kwenye silinda iliyopinduliwa ndani ya maji. Bakteria wamejaa, maji yamekolea wekundu, lakini kwenye silinda hakuna hata kiputo. Nianze kubadilisha nini?

kimengenya:
Mkuu, anza na amoniamu salfeti. Hao bakteria haidrojeni wanaitoa kwa naitrojinesi, kimeng'enya ambacho kazi yake ya asili ni kugeuza naitrojeni kuwa amonia. Amonia ikishajaa kwenye maji hawana haja nacho tena: hawatengenezi kipya, na kilichokuwepo kinazimwa. Gramu yako moja ni kama milimola 15 za amoniamu. Malati yote (ile asidi ya maliki yako) wameila wakajenga miili, ndiyo maana unaona wingi bila gesi.

Badala yake weka monosodiamu glutameti milimola 2, yaani gramu 0.37 kwa lita. Hata ile ya jikoni inafaa, mradi pakiti iseme ni glutameti tupu, haijachanganywa na chumvi. Usishawishike kuongeza. Glutameti ikizidi, amonia inarudi kwa mlango wa nyuma na bakteria wanakuwa wengi hadi wanazibiana mwanga.

Mbegu, yaani bakteria wa kuanzishia chupa mpya, nayo ni mtego. Ukipanda asilimia 10 kutoka kwenye chupa hiyo hiyo, unaweza kuhamisha hadi milimola 1.5 za amoniamu. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, osha kwa bafa (maji yanayoshikilia pH), ndipo upande. Au wapitishe kwanza kizazi kimoja kwenye midia ya glutameti.

Tena naitrojeni uliyopitisha ndiyo chakula chenyewe cha hicho kimeng'enya. Elektroni nyingi zinaishia kutengeneza amonia, na amonia hiyo inakuja kukizima. Tumia agoni. Mafundi wa kuchomelea aluminiamu wanayo kwenye mitungi. Ukiikosa, jaza chupa hadi shingoni usiache nafasi ya hewa, oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji wataimaliza wenyewe.

Halafu sijaona molibdenamu kwenye orodha yako. Kiini cha naitrojinesi kina chuma na molibdenamu. Sodiamu molibdeti miligramu 0.04 kwa lita inatosha, ila isikosekane.

mirija_na_vizibo:
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Huo wekundu ni ushahidi. R. sphaeroides akikaa kwenye mwanga bila oksijeni anakuwa wa kahawia inayoelekea manjano-kijani. Oksijeni ikiingia, karotenoidi yake (rangi inayonasa mwanga) inabadilika na maji yanageuka mekundu. Kwa hiyo una tundu, na naitrojinesi na oksijeni haviivi chungu kimoja.

Mshukiwa wa kwanza ni mrija wa silikoni. Kwa macho ni mzima, lakini gesi zinapenya ukuta wake: haidrojeni inatoka, oksijeni inaingia. Weka mrija wa kioo au wa chuma cha pua. Kwenye maungio tumia vipande vifupi vya PVC nene, kioo kikigusana na kioo ndani yake. Kizibo kiwe cha mpira wa butili. Kabla ya kupanda, sukuma hewa kidogo ndani kwa bomba la sindano na upake maji ya sabuni kila kiungo.

Mwanga sasa. LED nyeupe karibu haina kitu kupita nanomita 700, na klorofili ya hawa bakteria inanasa zaidi nanomita 800 na 850 hadi 875. Wamekua kwa sababu karotenoidi zinakamata nanomita 450 hadi 550, lakini kila molekuli ya haidrojeni inagharimu molekuli 4 za ATP, nishati ya seli, na ATP hiyo inatoka kwenye mwanga. Tafuta taa ya halojeni, kisha weka beseni bapa la kioo lenye maji kati ya taa na chupa ili lichuje joto. Au nunua LED za nanomita 850, zile za kamera za ulinzi za usiku. Usizikodolee macho, hazionekani, lakini nguvu yake ipo. Lenga wati 200 hivi kwa mita ya mraba kwenye uso wa chupa. Kipimo cha luksi kitakudanganya, hakioni infraredi.

Na chupa ya lita 1 ina upana wa kama sentimita 10, kwa hiyo bakteria wa katikati wako gizani. Chombo bapa chenye unene wa sentimita 2 hadi 4 ni bora mara nyingi.

chupa_na_mwanga:
Asanteni sana wakuu. Matatu ya mwisho: nitajuaje ni haidrojeni kweli, na nitegemee kiasi gani? Siki inaweza kuchukua nafasi ya maliki?

kimengenya:
Gesi ipitishe kwanza kwenye sodiamu haidroksidi inywe kaboni dayoksaidi. Kinachobaki kijaze neli ndogo ya majaribio iliyopinduliwa, sogeza njiti: ikilia "pwa" ni yenyewe. Neli tu, kamwe si silinda nzima. Haidrojeni inalipuka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa. Ukipata kromatografia ya gesi (mashine ya kutenganisha gesi na kuzipima) yenye kigunduzi cha upitishaji joto, gesi ya kubebea iwe agoni. Heliamu inapitisha joto karibu sawa na haidrojeni, utaona kilima kidogo kwenye grafu au usikione kabisa.

Kwa hesabu ya karatasi, malati moja inatoa haidrojeni 6. Milimola 15 za malati ni milimola 90 za haidrojeni, lita 2.2 hivi kwa 30°C. Hutafika huko, nusu tu ni kazi nzuri. Na usiahidi mtu jiko: kuchemsha lita 1 ya maji kutoka 25°C kunataka kama lita 32 za haidrojeni, hata joto lisipopotea kabisa.

Siki inawezekana. Ya asilimia 5, mililita 36 kwa lita inakupa aseteti (asidi ya siki) milimola 30. Isawazishe kwa haidroksidi hadi pH 6.8. Kwenye karatasi inaishinda malati, milimola 120 za haidrojeni. Kwa vitendo, R. sphaeroides anapenda kuiweka aseteti kama akiba, plastiki ya PHB, na pH inapanda kadiri anavyoila. Ikipita 7.5 gesi inafifia, kwa hiyo fosfeti isipungue milimola 20. Gesi ikikata mapema wakati aseteti imekwisha, paka seli rangi nyeusi ya Sudan, inayoonyesha PHB, chungulia kwenye hadubini. Ukiona chembe nyeusi ndani ya seli, ujue siki yako iko humo.