Wageni watatu wa chuo wanashuka Kange mwezi wa kumi, na mwaka jana niliaibika

Karani_Chumbageni

Habari zenu wanajamvi. Mie ni karani kwenye chuo kimoja hapa Tanga. Kwa kuwa nakaa jirani na ofisi na wanangu wote wameshakuwa watu wazima, akija mgeni wa nje husikii jingine ila "muone mama pale". Barua ya kazi hiyo sina, posho ndiyo usiseme.

Mwezi wa kumi wanakuja watatu. Kaka wa Kibrazili wa mambo ya mkonge, atakuwa akienda na kurudi Mlingano, kwenye kituo cha utafiti wa mkonge. Mama wa Kinigeria atakayefundisha muhula mmoja. Na kijana wa Kihindi wa hesabu. Nawauliza nyie mapema kwa sababu mwaka jana tulipata wawili, na wote wawili tuliwaharibia.

Walifika Ijumaa. Chuo kilichapisha bango, wakubwa wakahutubu, sambusa zikaliwa, picha zikapigwa. Saa kumi jioni kila mtu akashika njia ya kwake. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hata hizo mbili hatukuzifikisha.

Mmoja alikuwa dada wa Kijerumani, mtafiti wa mbu, tumempangia nyumba Sahare. Jumamosi usiku mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia pii, pii, pii. Masikini, akajua nyumba inaungua. Akatoka mbio na pasipoti na kompyuta yake, akasimama uani na gauni la kulalia akingoja moto. Moto hakuuona, ila baada ya muda umeme ukakatika kweli. Hana shilingi hata moja, ana yuro. Namba ya mita haijui, na simu yake laini ya hapa haina. Jirani akampa mshumaa. Jumatatu alipoingia ofisini macho mekundu, nikadhani analia kwao.

Wa pili Mhabeshi, mhadhiri, mtu mpole sana. Huyu nilimkaribisha kwangu Ijumaa ileile usiku. Nimepika pilau la mbuzi, nimechinja na kuku. Bwana akala kachumbari na ndizi. Kachumbari! Nikaumia, wallahi. Nikamwambia dada yangu huyu anatuona wachafu. Wiki tatu baadaye ndipo nikapata habari, tena si kwake, ni kwa wazee wa kijiwe cha kahawa Barabara ya 8: Waorthodoksi wa kwao Jumatano na Ijumaa wanafunga, nyama hawagusi, maziwa wala mayai. Wazee walimuuliza siku ya kwanza tu alipokaa pale na kikombe chake na kashata. Mie mwenyeji wake rasmi sikuuliza. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nikampelekea mbaazi za nazi na chapati, na akala mpaka akafuta sahani.

La kuchekesha ni saa. Ukimwambia Mjerumani "kikao saa tatu" anakuja alasiri. Mhabeshi hakukosea hata mara moja, maana kwao nako saa wanazihesabu kama sisi, jua likichomoza ndiyo zinaanza. Yeye ndiye aliyemfundisha mwenzake.

Sasa naombeni msaada wa mambo mawili. Siku mbili za mwanzo niwafanyie nini, mbali na bango? Na kodi: mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, benki inataka kibali cha ukaazi ndipo ifungue akaunti, na kibali, kile cha daraja C, mtafiti hapewi mpaka kwanza apate cha utafiti kutoka COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Huyu mtu pesa anaitoa wapi katikati hapo?

Bajaji_Kange

Shikamoo mama. Mie niko hapa Kange, kituo cha mabasi, kila siku, nitakwambia ninachokiona.

Wasifike usiku. Wakilala Dar, asubuhi wapande basi Mbezi, wapite Chalinze, Segera, Muheza, mchana wako hapa na jua lipo. Mgeni akishuka Kange watu wanne wanavuta begi lake kila mmoja upande wake, sisi tunatafuta riziki, yeye anajua anaibiwa. Nilimwona mmoja amelalia begi chini kabisa. Mtumie mapema picha ya bajaji na namba yake, na nauli aijue akiwa bado garini.

Halafu mama, "geti la buluu nyuma ya msikiti" si anwani. Nitumie lokesheni.

Mama_Mwenye_Nyumba

Naona nasemwa humu. Miezi sita naitaka kwa sababu nimeshaachiwa nyumba hata miezi miwili haijaisha, mtu akapanda ndege, bili ya maji juu yangu. Mgeni simjui, chuo nakijua. Chuo kiandike mkataba na mimi, kilipe miezi mitatu, kisha kikatane chenyewe na mgeni wake akaunti ikifunguka. Hapo sina neno.

Na hiyo habari ya LUKU imenichoma. Kosa ni letu wenye nyumba. Karatasi moja tu mlangoni pa friji: namba ya mita, jinsi ya kununua kwa simu, kwamba zinakuja tarakimu 20 na unazibonyeza kwenye kile kidude, na kwamba kikilia maana yake umeme unakaribia kwisha, si moto. Umuwekee na uniti za wiki mbili. Chandarua pia ukitundike wewe, usimwachie kwenye pakiti.

Mbishi_wa_Makorora

Mnawadekeza. Sisi tukienda kwao nani anatupikia mbaazi? Waacheni wahangaike kama tulivyohangaika.

Aliyerudi_Bayreuth

Kaka Mbishi, mimi nilikwenda kwao, na nilihangaika kweli, ndiyo maana simtakii mwingine.

Nilifika Bayreuth Jumamosi jioni, mwezi wa kumi, na kikoti cha mtumba. Jumapili Ujerumani maduka karibu yote yamefungwa, na hakuna aliyeniambia. Nilikula biskuti za ndege mpaka saa nane mchana. Mkameruni wa chumba cha pili ndiye aliyegonga mlango na mkate na mayai manne. Majina ya maprofesa wa wiki ile nimeyasahau nusu, yale mayai nayakumbuka. Kwa hiyo dada Karani, mimi ningeanzia Jumapili. Ijumaa ina watu wengi kupita kiasi.

Lakini kuna kitu chao kimoja tukiige. Kule ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, na chuo kilinipa mwanafunzi mmoja wa kunipeleka. Hakuwa mkubwa wala hakuhutubu, alijua tu dirisha lipi na karatasi ipi. Hapa nasi tunalo la namna hiyo na hatuwaambii: mgeni apelekwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wiki ya kwanza, ajulikane. Siku likitokea jambo usiku, mwenyekiti ndiye wa karibu.

Kwa Mbrazili: kibali cha COSTECH hakimruhusu kuingia shambani moja kwa moja. Apeleke barua mkoani kwa Katibu Tawala, ashuke nayo wilayani, kisha kata, kisha kijiji. Akiruka ngazi moja, mtendaji atamrudisha, na atakuwa na haki. Nimeona mtu kapoteza siku kumi hivyo, na mvua za vuli zinaanza.

Mama wa Kinigeria mkumbushe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ataulizwa uwanja wa ndege. Na wote waambie mifuko ya plastiki waiache kwao, hapa imepigwa marufuku tangu 2019. Laini ya simu wasajiliwe palepale uwanjani kwa pasipoti na alama za vidole, kabla hawajapanda basi.

Karani_Chumbageni

Nimewasoma wote, hata wewe Mbishi, mwanangu.

Leo nimeingia kwa mkubwa wangu. Kodi kasema atapeleka kwa mhasibu, na mhasibu namfahamu, hilo litachukua maombi. Bango nimelikataa. Nimeomba fedha yake iwe ya LUKU, maji ya kunywa, vyandarua na gunia la vyakula la siku tatu, akakubali kwa shingo upande. Sherehe imesogezwa Jumatano ya pili, wageni wakishalala wakaamka. Kuna binti wa mwaka wa tatu, mjuzi wa ofisi zote, ndiye atakayewazungusha, na nauli yake imepita.

Jumapili wanakuja kwangu. Safari hii nimewaandikia barua pepe kabla, nikawauliza wanakula nini na hawali nini. Mhindi hali nyama kabisa. Mbrazili anakula kila kitu. Mama wa Kinigeria hajanijibu chakula, kaniuliza tu kama pilipili zetu ni kali au ni za kuchezea.

Bajaji, nitakutumia lokesheni kesho. Mama Mwenye Nyumba, hiyo namba ya mita nipe leo leo, karatasi nimeshaikata.