Ushauri: Najua la kufanya, mipango ninayo, ila kuanza ndiko kunakonishinda

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naombeni ushauri kwa jambo linalonisumbua muda mrefu. Mimi ni mhasibu, nimeajiriwa, na kazi yangu naimudu vizuri. Ninachotaka ni kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo nje ya saa za kazi, mmoja mmoja, mpaka itakapofika siku niweze kujitegemea. Wazo hili ninalo tangu zamani na kila ninayemweleza ananiambia ni zuri.

Shida ni kwamba sianzi. Kozi za ujasiriamali za mtandaoni nimezimaliza. Mpango wa biashara ninao, una makadirio ya miaka mitano. Jina lipo, nembo ipo, rangi za nembo zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja. Programu za uhasibu nimezilinganisha mpaka tofauti zake nimezikariri. Mteja sina hata mmoja, na ukweli ni kwamba sijawahi kumwomba mtu yeyote anipe kazi. Kila nikikaribia naona kuna kitu bado: niongeze cheti, nisubiri mwaka wa fedha uishe, tovuti kwanza.

Kazini ni hivyo hivyo. Mwenzangu mmoja tuliajiriwa kipindi kimoja. Ulipotangazwa mradi wa kuhamia mfumo mpya wa malipo, yeye aliomba kuusimamia siku ile ile. Mimi nilitaka niusome mfumo kwanza. Leo yeye ndiye kiongozi wa kitengo, na simwonei kijicho, kazi anaifanya vizuri. Ila najiuliza ningekuwa wapi kama ningeomba na mimi.

Maneno ya kunitia moyo nimeyasoma ya kutosha. Ninachoomba ni hiki: mtu anavukaje kutoka kwenye kujua hadi kwenye kutenda? Na kujiandaa kuna ubaya gani hasa?

Bint Sefu

Kalamu, kabla watu hawajaandika mengi: taja hapa biashara moja utakayozungumza nayo wiki hii. Jina usitaje, sema ni biashara ya aina gani na unamfahamu vipi mwenyewe.

Mtafiti Huru

Mkuu, swali lako limefanyiwa utafiti mwingi, na majibu yake yanasaidia kuliko hamasa.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mmoja wa Uingereza kuhusu wanafunzi na mazoezi ya mwili. Waligawanywa makundi matatu. Kundi moja halikupewa msukumo wowote. La pili lilisoma maelezo ya kuwahamasisha, kwamba mazoezi yanapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. La tatu lilisoma maelezo hayo hayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi wiki inayofuata. Kundi la kwanza waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38. La pili, lile lililohamasishwa, asilimia 35. La tatu asilimia 91.

Tazama kundi la pili. Hamasa iliongeza nia yao, lakini vitendo vilibaki pale pale. Kilichowatofautisha wa kundi la tatu ni sentensi moja yenye saa na mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeujenga msingi wa jambo hili tangu miaka ya 1990: unafunga kitendo kwenye tukio ambalo litatokea hata usipotaka. «Nikifunga mlango wa ofisi Alhamisi jioni, ninapita kwa fulani kabla ya kwenda nyumbani.» Ukishaamua hivyo, Alhamisi ikifika huna tena mjadala na nafsi yako. Mjadala ulishakwisha.

Jambo la pili, na hili linakuhusu zaidi. Mwaka 2009 Gollwitzer na wenzake walionyesha kwamba mtu akitangaza nia inayogusa sura anayotaka kuwa nayo, na watu wakaitambua, baadaye bidii yake inakuwa pungufu kuliko ya yule aliyenyamaza. Akili inaonja utamu wa kuwa yule mtu kabla kazi haijafanyika. Umesema kila unayemweleza wazo lako anakusifia. Mimi ningeacha kulieleza kwa mtu yeyote ambaye hawezi kuwa mteja.

Halafu usijiite mvivu. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika andiko lao la 2013, wanaeleza kuahirisha kama njia ya kukimbia hisia mbaya za muda huo: hofu, mashaka, aibu. Kubadilisha rangi za nembo kunatuliza. Kumwomba mtu kazi kunaweza kuleta «hapana». Ukilijua hilo unaacha kutafuta ratiba bora zaidi, unaanza kuifanya ile hatua ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba haitishi.

Mama Nuru

Naomba nipingane kidogo na upepo unakovuma. Siku hizi kila mtu anaambiwa «anza tu, utajua mbele ya safari». Mhasibu anashika hesabu za watu. Ukikosea marejesho ya kodi ya mteja, anayepigwa faini ni yeye. Kujiandaa ni heshima kwa yule utakayemhudumia, na sipendi kulisikia likisemwa kama udhaifu.

Swali langu ni moja tu: maandalizi yako yanajibu nini? Ndugu wawili Wright, wale Wamarekani waliotengeneza ndege, walipoona nyiringi yao ya mwaka 1901, yaani ndege isiyo na injini, haipai kama hesabu zilivyosema, walirudi nyumbani wakatengeneza kisanduku kirefu cha kupulizia upepo, wakapima mabawa madogo ya maumbo karibu 200. Hayo ni maandalizi, tena ya kuchosha. Lakini yalitoka kwenye jaribio lililogoma. Walikuwa na swali ambalo hewa yenyewe ndiyo iliyowauliza. Mwaka uliofuata walirudi na nyiringi mpya iliyotii, na tarehe 17 Desemba 1903 ikaruka ile yenye injini, kwa sekunde 12, kama mita 36. Usafiri wa ndege wa dunia nzima umeanzia kwenye sekunde hizo.

Sasa kozi yako ya mwisho ilijibu swali la mteja gani? Kama jibu ni hakuna, basi hapo pana tatizo, na dada au kaka, sijui nikuite vipi, cheti kingine hakitalitatua.

Na jambo la kuzingatia: pambanua hatua inayorudishika na isiyorudishika. Kumfungia mtu mmoja hesabu za mwezi mmoja kunarudishika, mkishindwana mnaachana kwa wema. Kuacha ajira, kukopa, kusaini mkataba wa pango, hayo yafikirie hata mwaka mzima. Watu wengi hufanya kinyume: jambo dogo wanalipimia kwa mizani ya jambo kubwa, halafu siku moja wakichoka wanaliruka lile kubwa bila kutazama.

Kalamu Nyeusi

Mama Nuru, shikamoo, na ahsante sana. Mimi ni mwanamke, niite dada au mwanao. Hilo swali la «yanajibu nini» sikuwahi kujiuliza.

Bint Sefu: kuna fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, ananifahamu kwa sababu alitutengenezea geti. Ana vijana watatu. Aliwahi kulalamika mbele yangu kwamba kazi ni nyingi lakini hela haionekani. Nilimwitikia tu, sikusema kitu.

Fundi Daftari

Dada Kalamu, huyo fundi ameshakuomba msaada, ila hakujua kwamba anakuomba.

Mimi kazi hii naifanya, kwa hiyo nikuonyeshe inavyokuwa. Mteja wangu wa kwanza alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa risiti. Nilizimwaga mezani. Zile za mashine nyingi zilikuwa zimefifia kwa sababu ya joto, karatasi nyeupe kabisa, maandishi yanaonekana kwa shida ukiinamisha chini ya taa. Nyingine zimeandikwa kwa mkono, «mzigo», basi, bila tarehe. Katikati mna karo ya mtoto na dawa za nyumbani. Hakuna kozi inayofundisha mfuko ule. Nilianza kwa kupiga picha zile zinazofifia, nikatenga za biashara na za nyumbani, halafu nikachukua taarifa ya miamala ya simu ya mwezi mmoja na kuanza kulinganisha mstari kwa mstari. Kufikia mwisho tuliona wazi: biashara ilikuwa inapata faida, ila wateja waliochukua kazi kwa mkopo walikuwa hawafuatiliwi. Hela haikuwa imepotea, ilikuwa kwa watu.

Baada ya hapo ndipo nilipojua nini cha kusoma. Nilisoma namna ya kufuatilia wadaiwa, kwa sababu nilikuwa na mdaiwa wa kufuatilia. Jambo nililolisoma nikiwa na mfuko ule mezani limekaa mpaka leo. Hiyo programu ya uhasibu unayoilinganisha, kwa mteja wa kwanza hutaihitaji. Jedwali la Excel lenye safu tano linatosha: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, nani anadaiwa.

Kwa hiyo usiende kwa fundi kuuza huduma. Nenda umwambie: «Siku ile ulisema hela haionekani. Nipe karatasi zako za mwezi uliopita nikutafutie ilipo.» Mwezi mmoja, basi. Ukimaliza utakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu wa pili, na huyo fundi ndiye atakayekupeleka kwake.

Tovuti iache. Wateja wangu karibu wote wameletwa na mteja mwingine.

Mlinzi wa Mkataba

Nyongeza fupi. Kabla hujagusa karatasi za mtu, soma mkataba wako wa ajira, hasa kipengele cha kazi za nje na mgongano wa maslahi. Ajira nyingi zinaruhusu ukiomba kwa maandishi, nyingine hazitaki kabisa. Usitumie kompyuta ya mwajiri, usitumie muda wake, usiwaguse wateja wake. Hili lifanye kesho, ni kazi ya nusu saa. Usiligeuze kuwa sababu nyingine ya kungoja mwezi.

Bint Sefu

Mlinzi kasema kweli.

Mimi nirudi kwenye lile la kazini, maana wachangiaji wameliruka na mimi naona ndilo linalomuuma. Dada, aliyepewa ule mradi hakuwa anaujua mfumo. Hakuna aliyekuwa anaujua, ulikuwa mpya. Kiongozi aliyetangaza alikuwa na mzigo anaotaka kuutua, akaangalia nani anaupokea. Mara nyingi nafasi za kazini zinagawiwa hivyo. Anayejitokeza anapewa muda wa kujifunza, tena akiwa analipwa. Anayejifunza kimya kimya nyumbani hakuna anayejua kwamba anajifunza.

Usisubiri mradi mwingine utangazwe. Kuna kitu kwenye kitengo chenu kinachowachelewesha watu kila mwisho wa mwezi, najua kipo kwa sababu kila kitengo cha fedha kinacho. Andika ukurasa mmoja: tatizo hili hapa, linatuchukulia muda kiasi hiki, naomba nilijaribu hivi kwa mwezi mmoja, lisipofaa tunarudi tulipokuwa. Mpelekee kiongozi wako. Huyo mwenzako aliyekutangulia anaweza kuwa wa kwanza kukuunga mkono, kwa sababu ukifanikiwa kitengo chake kinang'aa.

Kalamu Nyeusi

Nimekaa na uzi huu jioni nzima. Mkataba nimeusoma: kazi za nje zinaruhusiwa kwa idhini ya maandishi, na barua ya kuomba nimeshaiandika, inakwenda kesho asubuhi. Kuhusu fundi nimeandika hivi: Jumamosi nikitoka sokoni napita kwenye karakana yake, namwambia yale maneno ya Fundi Daftari, ila karatasi nitazichukua nikishapata idhini. Ule ukurasa wa kazini naujua utakuwa wa nini, ni ulinganisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, tunaufanya kwa mkono na kila mwezi tunachelewa.

Swali langu la mwisho: akiniuliza bei nimwambie nini? Hapo ndipo ninapoganda.

Fundi Daftari

Mwambie mwezi huu mmoja ni wa kuangalia, hutamtoza, na utakapomaliza utampa bei ya miezi inayofuata ukishaona ukubwa wa kazi. Sema hivyo mapema, mbele yake, ili «bure» isije ikawa desturi. Wakati unafanya, andika pembeni saa unazotumia. Ukimaliza unazo saa, na unajua mwezi mmoja wako wa ajira unagawanyika kuwa saa ngapi na kila saa inalipwa kiasi gani, basi una pa kuanzia. Usishuke chini ya hapo.

Na ukiwa karakana muulize mambo haya: analipwa kwa njia gani, fedha taslimu au simu, vijana wake anawalipa kwa siku au kwa kazi, na kazi ngapi amekabidhi ambazo hajamaliziwa malipo. Swali hilo la tatu muulize mwisho, halafu nyamaza umsikilize. Atakaa kidogo, ataanza kutaja majina. Yaandike yote.

Mama Nuru

Marhaba mwanangu. Na akisema hataki, pita kwa wa pili wiki hiyo hiyo, usikae nalo. Fundi akikataa utakuwa umepata jambo la kumuuliza: kwa nini? Utuletee jibu lake humu.