Mrejesho: kebo nyembamba ya koaksi ndani ya amplifaya

Wakubwa, shikamooni. Niliuliza kama kebo ya koaksi aina ya RG-58 inafaa ndani ya amplifaya ya redio ya wati 500 ninayoijenga hapa Uyole, Mbeya, mkaniambia niachane nayo. Nilikuwa nimeshaifunga. Nimefungua na nimeona kwa macho yangu: pale nilipolehemu, polithini (plastiki inayotenganisha waya wa kati na wavu wa nje) ilikuwa imelainika na waya wa kati umehama, umebaki unywele tu kugusa wavu. Ningewasha, shoti ilikuwa inanisubiri.

Mwanjelwa nilikosa kebo nyingine, nikaagiza Dar, ikaja na basi. Upande wa kuingiza nimetumia RG-316: omu 50 ileile ya RG-58, unene milimita 2.5 tu. Upande wa kutoa, kati ya chujio na rilei (swichi ya umeme) ya antena, nimeweka RG-400, karibu milimita 5, yenye wavu mara mbili. Kihami cha zote ni PTFE (Tefloni), kinavumilia nyuzi 200. Polithini ya RG-58 huchoka karibu na 80, na baridi yetu ya Uyole haisaidii kitu jirani na transista.

Kilichonitesa ni wavu. Mwanzoni niliuachia mkia wa sentimita 3 kabla ya kuulehemu kwenye ardhi ya saketi, amplifaya ikawa inajirushia mawimbi yenyewe bila kupewa ishara yoyote. Nilipoukata mkia ukabaki milimita chache, ncha zote mbili, ikatulia kabisa.

Jana nimeipima kwenye mzigo bandia (kipingamizi kinachokaa badala ya antena) kwa wati 400, dakika kumi. Kebo ilikuwa vuguvugu tu. Asanteni sana, mmeniokolea transista.