Mizaha ya "ajae" ya Wakorea huchekesha kwa nini?

Swali: Ndugu zangu, ninajifunza Kikorea, na mwalimu wangu hupenda mizaha iitwayo "ajae gaegeu", yaani mizaha ya wanaume wa makamo. Juzi aliuliza ni tunda gani lenye joto kuliko yote, akajibu "cheondo boksunga", akacheka peke yake huku wanafunzi wenzangu wakiguna. Kulikoni?

Jibu la kwanza: Hilo ni pichi lisilo na manyoya, lakini "cheon" pia ni elfu moja na "do" ni digrii, kwa hiyo tunda lina joto la digrii 1000. Kikorea kimejaa maneno yenye asili ya Kichina yanayotamkwa sawa ingawa maana zake hutofautiana, na hapo ndipo mizaha hii inapochimbwa.

Jibu la pili: Naupenda zaidi ule wa stroberi aliyefukuzwa kazi: huwa "ttalgi sireop", yaani sharubati nzito ya stroberi, kwa kuwa "sireop" hutamkwa sawa na neno la ukosefu wa ajira.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe kuguna kwa wanafunzi wenzangu ndiko kicheko chenyewe!