Skii (mbao za kutelezea thelujini) za kutumika kote mlimani kwa mtoto anayekua

Mama Zawadi (Denver): Habari zenu ndugu. Binti yetu wa miaka 9, mwenye urefu wa sentimita 132, amezoea njia za kijani, zilizo rahisi kabisa, na sasa anateremka za bluu, za ugumu wa kati. Muuzaji anatushauri tununue skii za sentimita 140 ili azikulie. Je, nikubali?

Baba Imani: Usikubali, dada. Skii ndefu humshinda mtoto kuzigeuza, naye hujizoeza kuegemea nyuma, tabia ambayo baadaye huondoka kwa shida. Zisimamishe wima mbele yake: ncha ifike kati ya kidevu na pua, au paji la uso akiwa hodari, kwa hiyo 120 zingemtosha. Upana wa katikati wa milimita 75 hivi humsaidia kwenye theluji iliyoshindiliwa na hata ile laini kidogo ya pembeni.

Mzee wa Theluji: Nakubaliana naye, ingawa mimi ningeanza na viatu. Toa kiatu laini cha ndani, mtoto aingize mguu kwenye ganda gumu, vidole viguse mbele, kisha upime nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Ikizidi sentimita 2, kiatu ni kikubwa. Vifungio, yaani vishikizo vya kiatu kwenye skii, navyo virekebishwe na fundi kila msimu kulingana na uzito, kimo na urefu wa soli.

Mama Zawadi: Ahsanteni. Basi nitakodi za msimu mzima, maana viatu vya shule vyenyewe havimalizi mwaka.