Naomba ushauri: asili ya neno dashibodi

Wakuu, habari zenu. Nafundisha vijana umeme wa magari, na mmoja kaniuliza kwa nini dashibodi inaitwa hivyo. Bodi ni ubao, hapo hatugombani. Hiyo dashi, kamusi ya Kiingereza inasema ni kurusha: ubao wa mbele wa gari la farasi, unaomkinga mwendeshaji na tope la kwato. Hata gari la injini la Marekani, Oldsmobile Curved Dash la 1901, lilikuwa nao, umepinda kwa mbele, na injini iko chini ya kiti! Mafundi wazee niliowauliza wamecheka tu.

Jina la kizuia tope lilihamiaje kwenye mita za spidi na mafuta? Na je, mafundi wa kwenu wana neno jingine la Kiswahili?