Maduka makubwa ya dawa yanazidi kufunguliwa katikati ya Kisumu: sisi wenye maduka madogo tufanyeje?

MwenyeDuka_Kisumu

Ndugu na dada zangu, ninaomba ushauri wenu. Ninaendesha duka dogo la dawa karibu na Mtaa wa Oginga Odinga. Kwa muda sasa kampuni zenye matawi mengi zimekuwa zikikodi vyumba vya mbele, vile vyenye vioo vikubwa karibu na supamaketi na vituo vya matatu, hata mtu akisimama mahali pamoja anaweza kuona misalaba ya kijani mitatu. Ushindani wenyewe sina ugomvi nao. Linaloniumiza ni kwamba mwenye jengo ameniambia kwa mdomo kuwa kuanzia mwezi ujao kodi itapanda karibu maradufu, kwa sababu ipo kampuni iliyokwisha kumwahidi kiasi hicho, na nikishindwa nifungashe virago.

Wateja wangu wengi ni akina mama wanaouza bidhaa katika Soko la Jubilee. Wananunua vidonge vya presha vya wiki moja moja, kwa kuwa fedha ya mwezi mzima hawaipati kwa mkupuo. Je, serikali ya kaunti au Bodi ya Famasia na Sumu haiwezi kuweka kikomo cha maduka ya dawa katika mtaa mmoja? Na mimi nihame au nibaki?

Mfamasia_Nakuru

Pole sana, mwenzangu. Hata sisi huku Nakuru, upande wa Kenyatta Avenue, tunayaona hayo hayo.

Wengi hudhani kwamba kampuni hizi hutushinda kwa bei ya dawa peke yake. Ni kweli kwamba hununua kwa wingi na kupewa punguzo ambalo wewe na mimi hatulipati, na mitaji yao ni mikubwa: mwaka 2019 kampuni ya mPharma kutoka Ghana iliwanunua Haltons, wenye maduka ya dawa hapa Kenya, na miaka miwili hivi kabla ya hapo wenzao Goodlife walikuwa wamepata fedha za kampuni ya uwekezaji ya LeapFrog. Hata hivyo, ingia ndani uangalie mpangilio wa rafu. Losheni, maziwa ya watoto, vitamini na nepi ziko mbele, mahali pa wazi, na dawa zinazohitaji karatasi ya daktari ziko kaunta ya nyuma, ili mgonjwa apite kwenye bidhaa hizo zote kabla ya kuhudumiwa. Bidhaa za mbele ndizo zinazosaidia kulipa kodi ile kubwa. Ndiyo sababu wanasongamana penye wapita njia wengi, na ndiyo sababu ni vigumu kuwakuta ndani ya mitaa ya huko kwenu kama Nyalenda au Manyatta, ambako wagonjwa wa presha na kisukari wamejaa.

Kuhusu kikomo, mimi ninapinga. Kingewalinda waliokwisha kuingia mjini, na hao sasa ni pamoja na kampuni zenyewe. Chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, Bodi husajili jengo na mtaalamu anayelisimamia, na tawi la kampuni kubwa haliruhusiwi kufanya kazi bila mtaalamu huyo, kama wewe tu. Ningependa ukaguzi uwe mkali kwa wote. Niseme pia jambo ambalo wenzangu hawalipendi: mteja anapodai antibiotiki kama amoksilini bila karatasi ya daktari, mhudumu aliyeajiriwa anaweza kumkatalia kwa urahisi, lakini mwenye duka dogo huogopa kumpoteza. Udhaifu huo ni wetu, na unawadhuru wagonjwa.

Binti_wa_Kondele

Ninaandika kama mtu anayemtunzia mama yake mwenye kisukari. Mwenye duka dogo la mtaani kwetu anajua dozi ya mama, na siku moja aligundua kwamba hospitali mbili tofauti zilikuwa zimemwandikia dawa ileile kwa majina mawili ya biashara. Alimpigia daktari simu sisi tukiwa bado kaunta. Jambo kama hilo sijaliona katika duka kubwa, ambako kila nikienda ninakuta mhudumu mwingine.

Hata hivyo, insulini ninainunua duka kubwa. Kabla ya kufunguliwa inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, nasi sote tunajua jinsi stima inavyopotea. Kule wana jenereta, na kipimajoto kipo kwenye mlango wa friji, ninakisoma mwenyewe. Kaka, ukipata fedha kidogo, anzia hapo.

Mpangaji_Milimani

Kaka, usihame kwa sababu ya maneno ya mdomo. Kuna Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka, Sura ya 301. Ikiwa huna mkataba wa maandishi, au mkataba wako ni wa muda usiozidi miaka mitano, wewe ni mpangaji anayelindwa na sheria hiyo. Mwenye jengo hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa bila kukupa notisi ya maandishi kwa fomu iliyowekwa, nayo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita. Ukiipokea, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, kisha upeleke malalamiko kwenye baraza linaloamua migogoro ya kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyotajwa. Ukifanya hivyo, notisi inasimama hadi baraza liamue. Kuwepo kwa mtu mwingine aliye tayari kulipa zaidi si miongoni mwa sababu ambazo sheria inazikubali za kumtoa mpangaji.

Jihadhari na mambo mawili. Baraza linaweza kuangalia kodi za vyumba vinavyofanana na chako, kwa hiyo huenda likaruhusu ongezeko la kiasi fulani. Na usiache kulipa kodi ya sasa hata mwezi mmoja, kwa maana malimbikizo ni sababu halali ya kukutoa. Lipa kwa M-Pesa au benki, kisha utunze kila risiti.

MwenyeDuka_Kisumu

Ninawashukuru nyote. Mkataba wangu ni wa miaka mitatu, kwa hiyo kesho nitamwandikia mwenye jengo nikimwomba notisi rasmi. Mfamasia wa Nakuru, kuna wenzangu wanne hapa mjini ambao tungeweza kuagiza dawa pamoja kwa msambazaji mmoja ili tupate punguzo. Mmewahi kujaribu hivyo huko, na deni la atakayechelewa kulipa mlilishughulikiaje?